Siku Programu Yangu Iliponiingiza Chumbani kwa Wakwe

Afadhali niseme mwenyewe, maana mkiisikia kwa wengine mtaletewa na chumvi: ni kweli, mimi ndiye yule kijana aliyeonekana na bunduki ndani ya chumba cha kulala cha mama mkwe wake, mbele ya watu kama ishirini, siku ileile wazee wake walipokuja kuomba mchumba. Chekeni kwanza mmalize. Mkimaliza nitawaeleza kwa nini mpaka leo nina hasira, kwa sababu katika jambo lote lile sikufanya kitu hata kimoja kwa nia mbaya, na kila nilichokifanya kwa ajili ya heshima ndicho kilichonigeuka.

Ilikuwa hapahapa Gisenyi, miaka ya tisini ikiishia. Nilikuwa nafundisha kompyuta kwenye chumba kimoja karibu na soko, mashine sita (mbili zilikuwa mbovu, tulizifunika kitambaa ili wanafunzi wasiulize), asubuhi nafundisha makarani na mabinti wa ofisi kuandika barua, na alasiri vijana wanabaki wanacheza ule mchezo wa kukimbia ndani ya majumba ya giza huku mdomo wa bunduki ukionekana mbele yako na mapepo yenye pembe yanakutokea kila kona. Vijana walikuwa wamecheza ramani zote mpaka wanajua kila ukuta kwa kichwa, wakaanza kunisumbua, mwalimu tunataka nyumba mpya, mwalimu tutengeneze za kwetu. Na kwa kweli zana za kutengenezea zilikuwepo, binamu yangu aliyekuwa anasoma Kampala alituletea kwenye sidii.

Zana zenyewe sasa! Zilikuwa nne, na kila moja ilitengenezwa na mtu wake ambaye nadhani hakuwa anasalimiana na wenzake. Moja ilikuwa ya kuchora kuta tu, ya pili ya kugeuza kuta ziwe kitu ambacho mchezo unakielewa, ya tatu ya kupiga hesabu za mwanga na kivuli, ya nne ya kuweka vitu, milango, funguo, mapepo. Unachora kwenye ya kwanza, unaifunga, unafungua dirisha jeusi unaandika amri ndefu kama ukoo wa mtu, ukikosea nukta moja inakataa, na ikikubali inakuandikia kwa Kiingereza kwamba ukuta wako una tundu, haikwambii tundu liko wapi, inajifunga yenyewe inakuacha hapo. Niliona kijana mmoja mkubwa mwenye ndevu, mchana kweupe, machozi yanamlengalenga kwa sababu ya tundu asiloliona. Nikakasirika. Nani anamfundisha mtu namna hiyo? Ukienda kwa fundi seremala kujifunza anakutukana kwa lugha usiyoijua halafu anakufungia mlango?

Basi nikakaa miezi minne nikaandika programu yangu, nikaiita Mujenzi, ikazichukua zana zote nne ikazificha ndani yake, na mtu anayeanza haoni kitu ila vitufe vinne vikubwa vya Kiswahili: Chora, Weka Vitu, Tengeneza, Cheza. Na niliapa kwamba Mujenzi haitamgombeza mtu kamwe. Ukiacha tundu kwenye ukuta, inaliziba yenyewe kimyakimya. Ukisahau kuonyesha mchezaji aanzie wapi, inamweka kwenye chumba cha kwanza ulichochora. Ukisahau kuweka mapepo, inakuwekea moja, na inaliweka karibu na mchezaji ili asichoke kulitafuta. Mwisho, hata uwe umeharibu namna gani, inakuandikia: “Hongera! Ramani yako iko tayari.” Nilijiona mtu mwema sana, jamani. Nilikuwa napita barabarani najisikia kama nimechimbia watu kisima.

Sasa tuje kwa Josiane. Josiane ndiye mchumba wangu wakati ule, tulijuana tangu Goma, nyumba zao na zetu zilikuwa zinatazamana kabla hatujarudi Rwanda, na baba yake, Mzee Anaclet, alikuwa anafanya kazi ya kuandikia wafanyabiashara makaratasi ya forodha pale mpakani, mtu wa mihuri na nakala tatu tatu, asiyeamini kitu kisichokuwa na muhuri. Mama yake alikuwa fundi wa kushona. Mzee alipoambiwa kwamba nataka kuleta wazee, akauliza kazi yangu ni nini, na Josiane (Mungu amsamehe, alitaka kunisifu) akamwambia natengeneza michezo.

“Michezo?” Mzee akasema. “Donc ni mutu ya kucheza. Mi sitoe mutoto kwa mutu ya kucheza.”

Josiane akaniletea maneno hayo analia. Kwetu kabla ya posa yenyewe kuna siku ya gufata irembo, kushika lango, wazee wa kijana wanakuja na vinywaji vyao kuomba tu wafunguliwe njia, wajulikane, wasije siku ya posa kama wageni wa barabarani. Lango hilo likikataliwa hakuna posa, hakuna harusi, unarudi nyumbani na wazee wako na unaanza kutazama mabinti wengine. Na mimi sikuwa na binti mwingine wa kutazama, sikuwa namtaka mwingine, hilo mlielewe.

Baba yangu mdogo Sylvestre, aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichonyooka, ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wetu, na ndiye aliyetoa wazo (nalisema mbele ya mashahidi, kwa sababu baadaye alilikana). Akasema, “Mwanangu, mtu wa mihuri haaminishwi kwa maneno. Ichukue hiyo kompyuta, iweke sebuleni pake, aione kazi kwa macho yake.”

Nikafikiri usiku na mchana. Nikimwonyesha Mzee pango la mapepo ataona uchawi. Lakini nikimwonyesha nyumba yake mwenyewe, lango lake, baraza lake, viti vyake vinne vya salon, ataona kwamba hii ni kazi, mtu amepima, amejenga. Nikamwomba Josiane anipimie nyumba. Akatumia futi ya kushonea ya mama yake, akaanza na chumba cha kulala cha wazazi kwa sababu siku hiyo mama alikuwa ameenda sokoni na nafasi kama ile haipatikani mara mbili, akaniletea karatasi ya daftari: kitanda kiko hapa, kabati liko hapa, dirisha linatazama ziwani, kila kitu na sentimita zake. Nikakichora usiku uleule, na vyumba vingine akavipima siku zilizofuata.

Mtaniuliza, chumba cha wakwe kilikuwa cha nini? Ndiyo swali ambalo limeniandama maisha yangu yote. Nyumba ikikosa chumba kimoja pembeni kunabaki shimo, ukuta unaelea! Mimi ni mtu wa kazi safi. Lakini nilijua, kama kila mtu wa kwetu anavyojua, kwamba mkwe anafika salon na salon ndiyo mwisho wake. Chumba cha mama mkwe hata mlango ukiwa wazi unageuza shingo. Kwa hiyo nikauwekea mlango wa chumba kile kufuli isiyokuwa na ufunguo popote, mtu asiingie hata kwa bahati mbaya. Na mapepo sikuweka hata moja, nyumba nzima (lile ambalo Mujenzi ilinipachikia nililifuta kwa mkono baada ya kubonyeza Tengeneza), nitawekaje mapepo nyumbani kwa Mzee, shemasi wa kanisa? Mchezaji aanzie nje, langoni, kama mgeni mwenye adabu. Nikaijaribu ramani mara kumi. Ilikuwa nzuri mpaka nikajionea wivu.

Jumamosi, siku moja kabla, nikapita njia ile nikakuta Mzee amebadilisha lango. Ametoa la mbao, ameweka la chuma la kijani, pana, na kamlango kadogo ka watu pembeni. Mngenishauri nini? Mtu ameweka lango jipya kwa ajili ya wageni wanaokuja kushika lango, na mimi nimwonyeshe la zamani? Jumapili asubuhi, nikiwa na soksi mguu mmoja, nikafungua Mujenzi, nikafuta lango la mbao, nikachora la chuma, nikabonyeza Tengeneza, nikaenda kufunga tai. Hesabu za mwanga zilichukua dakika ishirini. Niliporudi nikakuta imeandika: “Hongera! Ramani yako iko tayari.” Kwa nini nisiamini? Mimi ndiye niliyeandika maneno hayo!

Sikuijaribu. Hapo tu. Pikapu ya jirani ilikuwa inapiga honi nje, baba mdogo anapiga kelele tunachelewa, tukaifunga skrini ndani ya blanketi kama mgonjwa, tukaondoka.

Tulipokelewa vizuri, siwezi kusema uongo. Salon ilikuwa imejaa, kwao kulikuwa na wajomba, majirani wa kanisani, na shangazi yake Josiane, dada mkubwa wa Mzee, mama mmoja mrefu aliyetoka Nyakiriba tangu alfajiri na ambaye kwa mila ndiye mwenye neno juu ya binti ya kaka yake. Kwetu walikuja wazee saba, wawili wametoka Busasamana. Nikaketishwa karibu na mlango, kichwa chini, mikono magotini, na baba mdogo akaanza kumwaga Kiswahili chake: “Waheshimiwa, kijana wetu hachezi michezo, kijana wetu anaijenga, na leo amekuja na ushahidi.”

Mzee Anaclet akakunja nne. “Bon,” akasema. “Tuone.”

Kompyuta ikawekwa juu ya meza, ikawashwa, watu wakasogeza viti, watoto wakakaa chini mbele, Josiane na mama yake wakasimama kwenye mlango wa jikoni. Nikakohoa, nikasema wazee wangu, sasa hivi mtaona lango, mtaingia kama mgeni anavyoingia. Nikabonyeza Cheza.

Halikuonekana lango. Kilionekana kitanda.

Kwa sekunde mbili sikuelewa. Nilidhani nimechukua ramani nyingine. Halafu nikaona kabati, nikaona dirisha, na palepale nilijua (na nyinyi mnajua, ila mimi nilijua mbele ya watu ishirini): alama ya mchezaji aanzie wapi nilikuwa nimeibandika kwenye lango la mbao, nimefuta lango nimefuta na alama, na Mujenzi, kwa wema wake, badala ya kunipigia kelele kama zile zana nne za wenyewe zinavyopiga, imenyamaza, imezunguka, imenichagulia chumba cha kwanza nilichochora. Na chini ya skrini, katikati, ilikuwa bunduki. Hiyo hata sikuwa nimeifikiria, mtu akicheza kila siku haioni tena ile bunduki, ni kama pua yako.

Halafu shangazi wa Nyakiriba akasimama.

“Ayi we! Ile haiko kitanda ya Anaclet?”

“Nitoke, nitoke tu,” nikasema, najisemea, naugeuza mwili wa yule mtu kuelekea mlangoni, nabonyeza mlango ufunguke. Haukufunguka. Ulikuwa na kufuli. Kufuli yangu mwenyewe, ya heshima, isiyokuwa na ufunguo popote duniani. Nikabaki nagonga ukuta wa chumba cha mama mkwe, huku na huku, bunduki mbele, kama mwizi aliyefungiwa ndani, na kila nikigeuka kitanda kinapita tena mbele ya wageni.

Na hapo nikasikia mngurumo. Kwa sababu sikuweka mapepo, si ndiyo? Programu yangu, nilipotengeneza upya asubuhi ile, ikaona mwanagenzi huyu amesahau, ikamwekea moja tena, karibu, asichoke. Likasimama juu ya kitanda. Juu ya kitanda, nasema, lina pembe, limefungua mdomo, na vipaza sauti vya kompyuta nilivyokuwa nimevipandisha mpaka mwisho ili wazee wa nyuma wasikie milango ikifunguka vikanguruma mpaka glasi zikatetemeka. Mama mmoja wa kanisani akapiga kelele “Yezu we!” na kumwaga fanta. Mimi nikawa nabonyeza kila kitu, kutoka, kuzima, kufunga, na katika kubonyeza kila kitu nikabonyeza na cha kufyatua.

Sijui kama mnakumbuka Gisenyi ya wakati ule. Watu walikuwa wanarudi majumbani mapema, na mlio wa bunduki haukuwa kitu cha kuuliza mara mbili. Madirisha yalikuwa wazi. Nikafyatua nadhani mara tano, sita, na nje, barabarani, tukasikia milango inabamizwa, mbuzi analia, mtu anaita watoto wake waingie ndani. Mzee mmoja wa kwetu wa Busasamana alikuwa tayari yuko chini ya meza, na simlaumu.

Pepo likaniua. Skrini ikawa nyekundu. Nikasema ashukuriwe Mungu, imekwisha. Lakini mchezo ule ukifa unakurudisha mwanzo, na mwanzo ulikuwa wapi? Kitandani tena. Na umeme (nalisema kwa uchungu), umeme uliokuwa unakatika kila alasiri juma lile lote, mpaka tunafundisha watu kompyuta kwa kuchora ubaoni, siku hiyo uliwaka kama jua. Nikaruka meza nikachomoa waya.

“We kijana.” Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Hakuwa anapiga kelele, afadhali angepiga. “Uliingia lini mu chumba yangu?”

Hilo sasa ndilo lililonivunja. Aibu ya bunduki ni yangu peke yangu, lakini swali lile lilikuwa linamgusa Josiane, kwa sababu kila mtu pale ndani alikuwa ameshapiga hesabu: kijana anajua kitanda kiko wapi, dirisha liko wapi, kwa hiyo kijana anaingia nyumba hii wazazi wasipokuwepo, kwa hiyo binti ndiye anayemfungulia. Niliwaona wanavyomtazama. Nikamtazama baba mdogo Sylvestre, msemaji wetu, bingwa wa Kiswahili kilichonyooka, na yeye alikuwa anaangalia dari kama fundi anayetafuta mahali panapovuja.

Josiane ndiye aliyesema. Alitoka pale mlangoni pa jikoni, binti ambaye kwa mila siku ile hakutakiwa kufungua mdomo, akasimama katikati ya salon. “Mama, hakuingia hata siku moja. Ni mi nilipima. Na futi yako ya kushona. Karatasi iko na mwandiko yangu, muone.”

“Ulipima chumba ya baba yako,” Mzee akasema polepole, “ukapelekea kijana?”

“Alitaka muone kazi yake, Papa.”

“Nimeona.”

Na mngedhani imeishia hapo. Mlango ukagongwa, akaingia responsable wa mtaa wetu, yule kiongozi wa karibu anayeandika wageni na kila kinachotokea, daftari mkononi, jasho linamtoka. Ameambiwa bunduki imelia nyumbani kwa Mzee Anaclet. Mzee, mtu wa mihuri, mtu anayeheshimiwa mpaka mpakani, akalazimika kusimama mbele ya wageni wake na kusema kwamba ndiyo, imelia, ilikuwa mu chumba yake ya kulala, lakini ile ya mu kompyuta.

Responsable akamtazama kama anayepima joto la mgonjwa. “Chumba ya mu kompyuta?”

“Ni mukwe yangu… ni huyu kijana.”

“Bon. Munionyeshe.”

Nikasema mzee, haiwezekani, imeharibika. Akasema kama haiwezekani tutaenda kuongea ofisini kwake, sote. Basi nikarudisha waya. Watu wote wakakaa tena wakangoja iwake (na mashine zile zilikuwa zinawaka taratibu, unaweza kupika chai), nikabonyeza Cheza kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa mara ya tatu siku ile chumba cha wakwe wangu kikafunguliwa hadharani, kitanda, kabati, pepo, na responsable akainama karibu kabisa na skrini akiandika, akauliza “kitanda iko ya mbao ao ya chuma?” na mama mkwe akatoka nje. Mwisho akafunga daftari, akaridhika, akasema haikuwa bunduki. Akanywa fanta moja akaenda. Mpaka leo kuna daftari mahali fulani lenye chumba kile na jina langu kwenye ukurasa mmoja.

Lango hatukupewa. Shangazi wa Nyakiriba ndiye aliyetoa neno: turudi kwetu na mashine yetu, na tukitaka kurudi tuje na icyiru, yaani vinywaji vya kuomba radhi, kwa Mama Josiane kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Na Josiane akaondoka naye kesho yake, akapelekwa Nyakiriba kulima viazi, miezi mitatu. Njiani ndani ya pikapu baba mdogo akasema, “Mimi nilijua hili litatokea.” Nilishuka nikatembea kwa miguu.

Miezi mitatu ile sitaki kuisimulia. Watu walikuwa wananisimamisha sokoni kuniuliza kama nimepata ufunguo. Josiane alinitumia barua moja tu, ya mistari miwili: mikono yake ina malengelenge, na kwa nini sikujaribu kabla ya kuleta. Hilo la pili liliniuma zaidi. Nikafungua Mujenzi, nikafuta ile “Hongera”, nikaweka mahali pake maneno ya ukali: umesahau hiki, umesahau hiki, siendelei mpaka urekebishe. Wanafunzi wakalalamika kwamba programu siku hizi inagombeza watu. Nikawaambia waishukuru.

Tulirudi na icyiru, bila mashine, bila baba mdogo. Mama akapokea vinywaji bila kunitazama, Mzee akasema maneno machache, lango likafunguliwa. Sikuamini. Nilikuwa naondoka Mzee akanishika bega pembeni, akasema kuna jambo moja limebaki: ile nyumba iliyo ndani ya kompyuta ifutwe, na yeye awepo aone kwa macho yake inafutika.

Akaja Jumatatu pale tunapofundishia, na kofia yake na koti. Nikawatoa wanafunzi, nikamwekea kiti, nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta.

“Ngoja,” akasema. “Mbele ya kufuta. Ile lango nilisikia uliweka ya mupya.”

Nikamwonyesha lango, safari hii kutoka nje, kama mgeni. Akatazama muda mrefu. Akauliza anatembeaje, nikamwonyesha vitufe, na yule mzee wa mihuri akaingia uani kwake kwa kidole kimoja, akagonga ukuta wa baraza mara mbili, akaomba radhi (aliuomba ukuta!), akafika salon, akahesabu viti. Akaniambia kiti chake hakiko karibu hivyo na dirisha. Nikaandika. Akauliza chumba cha kulala kinaingiwaje, nikamwambia kuna njia moja tu, kuanzia mulemule ndani, kama siku ile.

“Niweke mule,” akasema. “Na we geuka ukutani.”

“Mzee, mimi ndiye niliyekichora.”

“Iko chumba ya mama mukwe yako. Geuka.”

Nikageuka. Kazi yangu ya miezi minne, ramani yangu, kompyuta niliyokabidhiwa mimi, nami nimesimama naangalia chokaa ukutani kama mtoto aliyechelewa shule, nasikia nyuma yangu vitufe vinabonyezwa kimoja kimoja. Nikasikia anagonga mlango.

“Haifunguke,” akasema. “Kwa nini?”

“Niliufunga, Mzee. Kwa heshima. Nisiingie.”

Halafu pepo likanguruma, nikasikia kiti kinarudi nyuma, na baada ya hapo, polepole, kwa mpangilio, kama mtu anayepiga mihuri, bunduki ikalia mara tatu.

“Bon,” Mzee akasema. “Utafuta kesho.”

Kesho yake akarudi, na Alhamisi tena, na kila mara mimi ukutani. Kwa hiyo vijana, mkitaka kumwonyesha mkwe wenu kazi yenu, mwonyesheni kitu kisichokuwa na vyumba, na kabla ya kukipeleka kijaribuni, mkiwa mmevaa soksi zote mbili. Mimi nyumba ya mtu sichori tena, naapa mbele yenu. Josiane, mke wangu sasa, akiniomba nimchoree hata banda la kuku, namwambia ajipimie mwenyewe.